Msimu wa Mbingu na Msimu wa Mkoba: Ziara ya Acapulco

Wahenga walinena kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure, huenda akaokota. Nilichokiokota mimi katika mji wa Acapulco, ulioko kwenye pwani ya Meksiko inayotazama Bahari ya Pasifiki, si makombe ya ufuoni wala picha za machweo, ijapokuwa vyote hivyo vimejaa tele. Niliokota maana ya neno moja ambalo nimelitumia tangu utotoni bila ya kulitafakari. Neno lenyewe ni msimu. Ndugu msomaji, nitegee sikio nikusimulie jinsi mji wa ughaibuni ulivyonifunza neno la nyumbani.

Neno hili asili yake ni Kiarabu, mawsim, yaani wakati maalumu ambao jambo hurejea kila mwaka. Wareno walilidaka katika Bahari ya Hindi wakaliita monção, na kupitia kwao likaenea katika lugha nyingi za Ulaya likiwa jina la pepo zinazobadilika kwa majira. Mhispania huliita monzón. Kwa hivyo Mswahili na Mmeksiko wamekopa katika duka moja, kama walivyokopa sukari na azúcar, zeituni na aceituna.

Kwetu Malindi nilikolelewa, neno hili lilikuwa na maana mbili chini ya paa moja. Kwa babu, aliyekuwa mvuvi, msimu ulikuwa mambo ya pepo: kaskazi inayovuma kuanzia Novemba hadi Machi, kusi inayoanza Aprili na kuichafua bahari, na maleleji yanayoingia kati ya hizo mbili. Kwa baba, aliyekuwa mhudumu wa meza katika hoteli moja ya kitalii, msimu ulikuwa ni wageni. Msimu ulipoingia, baba alivaa shati jeupe na kurudi usiku akiwa na bahashishi mfukoni. Msimu ulipoisha, mwishoni mwa Aprili, yeye na wenzake walipewa likizo isiyo na malipo hadi Julai, na hoteli ikafunga milango yake. Papo hapo ndipo muhula wa pili wa shule ulipofunguliwa. Karo ya muhula huo haikutoka katika shati jeupe la baba bali katika karai la mahamri la mama. Sikuwahi kuuliza ni kwa nini mvua ya masika na ukata wa mkoba ziliingia nyumbani mwetu siku moja. Nilidhani kuwa ndivyo dunia ilivyoumbwa.

Safari yangu ya Acapulco ilikuwa mara mbili, Februari na Juni mwaka wa 2025, nilipokuwa Meksiko kwa masomo ya mwaka mmoja. Kutoka jiji kuu, lililoko mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari, basi hufuata barabara kuu ya kulipia iitwayo Autopista del Sol, yaani Barabara ya Jua, iliyofunguliwa mwaka wa 1993. Mwendo ni kama kilomita 380, na huchukua takriban saa tano. Anayeijua safari ya Nairobi hadi Mombasa hatahitaji kuelezwa zaidi: mtu hupanda gari akiwa na sweta, akateremka akijipepea kwa gazeti. Tofauti ni kwamba huku hakuna nyika tambarare. Milima ya Sierra Madre del Sur huandamana na msafiri hadi mwisho, kisha ghafla huachia nafasi, na ghuba ikaonekana chini kama bakuli la maji ya buluu lililozungushiwa vilima.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja mjane katika mtaa wa zamani ulio juu ya fuo za Caleta na Caletilla. Fuo hizi mbili ndogo zimekingwa na kisiwa cha La Roqueta, na maji yake hutulia asubuhi kiasi cha watoto kuchezea bila ya hofu. Siku ya kwanza mama huyo alinitazama usoni kwa muda, kisha akaniuliza kama nilikuwa mtu wa Cuajinicuilapa. Nilipomwambia kuwa natoka Kenya alicheka, akasema, "Basi mwanangu, umekuja kuwatembelea jamaa zako." Maneno hayo nitayarudia baadaye, kwa kuwa hayakuwa mzaha mtupu.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni rangi ya vilima. Niliyatarajia majani mabichi ya nchi za joto, kama yalivyo katika picha za kuwavutia watalii. Badala yake miti mingi mlimani ilikuwa imepukutisha majani, ikabaki vijiti vya kijivu, utadhani moto umepita. Maembe yalikuwa yakikua, minazi ufuoni ilikuwa na afya, ila mlima ulikuwa kama nyika ya kwetu mwezi wa Februari. Mwenyeji wangu alinieleza kwamba hizo ndizo secas, kiangazi chao. Mwaka wao hugawanyika pande mbili tu, secas na aguas, yaani ukavu na maji. Hawana vuli na masika kama sisi. Mvua yao ni moja, na huja kwa fujo.

Baadaye nilijisomea, nikaona kuwa maelezo yake yalilingana na ya wanasayansi. Acapulco iko karibu nyuzi 17 kaskazini mwa ikweta. Joto lake halibadiliki sana: wastani wa kila mwezi huwa kati ya nyuzi 26 na 29 za Selsiasi mwaka mzima. Kinachobadilika ni maji. Kwa mwaka mji hupata takriban milimita 1,400 za mvua, na karibu asilimia 90 ya hizo huanguka katika miezi mitano, kuanzia Juni hadi Oktoba. Septemba ndio mwezi wa mvua nyingi kupita yote. Kuanzia Februari hadi Aprili huenda tone lisianguke. Sababu yake ni ule ukanda wa mawingu unaozunguka dunia karibu na ikweta, ambao hulifuata jua. Jua linapohamia kaskazini, ukanda huo nao husogea kaskazini, ukakutana na bahari yenye maji vuguvugu na milima inayousukuma unyevu juu hadi ukawa mvua. Jua linaporudi kusini, mawingu hulifuata. Kwetu sisi tulio kwenye ikweta yenyewe, ukanda huo hutupitia mara mbili kwa mwaka, ukienda na ukirudi, ndiyo maana tuna masika na vuli. Kumbe Malindi na Acapulco hugawana jua lile lile na mawingu yale yale, kila mmoja kwa zamu yake.

Sasa tutazame msimu wa mkoba. Wageni wa Acapulco huja wakati wa ukavu. Huanza katikati ya Desemba kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, na kilele huwa Juma Takatifu kabla ya Pasaka, ambapo familia kutoka jiji kuu hushuka kwa maelfu na mchanga wa Caleta ukafunikwa na watu usiuone. Miezi ya Septemba na Oktoba, mvua inapozidi, vyumba hubaki vitupu. Mwenyeji wangu alinionyesha daftari lake la wapangaji. Kurasa za Desemba na Aprili zilikuwa zimejaa wino hadi pembeni. Kurasa za Septemba zilikuwa nyeupe pe! Nililishika daftari lile nikamkumbuka baba. Sikuhitaji kujua Kihispania ili kulisoma.

Yamkini msomaji atadhani kuwa utumwa huu wa msimu uliletwa na utalii. La hasha. Acapulco iliishi kwa msimu kwa muda wa miaka 250 kabla ya hoteli ya kwanza kujengwa. Kati ya mwaka wa 1565 na 1815, jahazi kubwa la Wahispania lilikuwa likisafiri kati ya Manila, katika visiwa vya Ufilipino, na bandari hii. Liliondoka Manila aghalabu Juni au Julai, likisaidiwa na pepo za msimu za kule Asia, na kuwasili Acapulco mwishoni mwa mwaka au mwanzoni mwa mwaka uliofuata, likiwa limesheheni hariri, kauri na viungo. Hapo gulio kubwa lilifanyika na mji ukafurika wafanyabiashara waliotoka bara kwa misafara ya nyumbu. Ifikapo Machi au Aprili, jahazi liling'oa nanga likiwa na shehena ya fedha, na mji ukabaki gofu. Wakati wa mvua, wenye uwezo waliukimbia kwa kuogopa homa na kupanda nyanda za juu. Waliobaki ni maskini na askari wa ngome.

Niliyasoma hayo ndani ya ngome yenyewe, San Diego, yenye umbo la nyota ya pembe tano, ambayo sasa ni jumba la makumbusho. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 17, ikaharibiwa na tetemeko la ardhi mwaka wa 1776, kisha ikajengwa upya. Nikiwa juu ya kuta zake nilihisi kama niko Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kuanzia mwaka wa 1593. Ngome zote mbili ziliwekwa kulinda mlango wa bahari. Zote zimetazama vyombo vikija kwa pepo za majira na kuondoka kwa pepo za majira. Mashua za Uarabuni na Bara Hindi zilikuja Mombasa na kaskazi, zikauza tende na vitambaa, zikangoja kusi ndipo zirudi kwao na boriti na pembe. Mswahili wa Mombasa na mkazi wa Acapulco, minghairi ya kujuana, waliishi kwa kalenda ya aina moja.

Wala si kalenda tu iliyowaunganisha. Wareno walikuwa wakichukua watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki, hususan Msumbiji, na kuwapeleka Goa na Malaka. Baadhi yao waliuzwa Manila na kutoka huko wakavushwa Pasifiki hadi Acapulco. Wengine wengi walitoka Afrika Magharibi na eneo la Kongo na Angola, wakaingilia upande wa Atlantiki, bandari ya Veracruz. Wazao wao ndio waliojaza vijiji vya Costa Chica, pwani inayoanzia mashariki mwa Acapulco hadi jimbo la Oaxaca, Cuajinicuilapa ikiwemo. Jimbo lenyewe linaitwa Guerrero, kwa heshima ya Vicente Guerrero, mpigania uhuru mwenye asili ya Kiafrika aliyekuwa rais mwaka wa 1829 na kutangaza kukomeshwa kwa utumwa Septemba mwaka huo. Hata hivyo, katiba ya Meksiko haikuwatambua watu wa asili ya Afrika hadi mwaka wa 2019. Sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha hivyo nchini kote. Waama, mwenyeji wangu hakukosea aliponiambia kwamba nimekuja kuwatembelea jamaa.

Utalii wa kisasa ulianza barabara ya magari ilipofika kutoka jiji kuu mwaka wa 1927. Katika utawala wa Rais Miguel Alemán, kati ya 1946 na 1952, serikali ilitengeneza barabara ya ufuoni ambayo hadi leo ina jina lake. Matajiri na waigizaji wa Marekani wakamiminika. Johnny Weissmuller, aliyejulikana duniani kwa kuigiza Tarzan, alifia hapa mwaka wa 1984. Niliguna nilipoelezwa hayo: mtu aliyeuigizia ulimwengu Afrika isiyokuwepo alikuja kupumzika katika pwani iliyojaa wazao wa Waafrika waliokuwepo, na sidhani kama filamu moja iliwataja.

Kivutio ambacho kila mgeni lazima akione ni wapiga mbizi wa La Quebrada. Tangu mwaka wa 1934 vijana hupanda jabali lenye kimo cha mita 35 hivi na kujitupa katika mfereji mwembamba wa bahari. Niliwatazama jioni moja. Kijana alisimama juu, akaomba mbele ya kisanamu cha Bikira Maria, kisha akasubiri. Watu walipiga makofi ya kumhimiza, naye hakutikisika. Mfereji ule hauna kina cha kutosha mpaka wimbi liingie; akiruka mapema au akichelewa kidogo, miamba inamngoja. Alipoliona wimbi lake linakuja, alijitupa. Kazi nzima ya mji huu niliiona katika lile pumzi moja la kusubiri.

Lakini kuna wimbi lisilosubirika. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Oktoba 2023, msimu wa mvua ukiwa ukingoni, Kimbunga Otis kilitua Acapulco. Asubuhi ya tarehe 24 kilikuwa bado dhoruba ya kawaida, na utabiri haukuonyesha kwamba kingekuwa balaa. Kilipopita juu ya maji yenye joto la nyuzi 30 hivi, kasi ya upepo wake iliongezeka kwa zaidi ya kilomita 160 kwa saa ndani ya siku moja. Muda mfupi baada ya saa sita usiku kiliingia ghubani kikiwa cha daraja la tano, daraja la juu kabisa, upepo ukivuma kwa takriban kilomita 260 kwa saa. Haikuwahi kurekodiwa kabla ya hapo kwamba kimbunga cha nguvu kiasi hicho kimetua katika pwani ya Pasifiki ya Meksiko. Watu wapatao hamsini walikufa, wengine kadhaa hawakuonekana tena, wengi wao wakiwa mabaharia waliolala kwenye mashua na boti za kifahari ili kuzilinda mali za matajiri wao.

Mwenyeji wangu alinisimulia usiku huo tukiwa jikoni, akichambua nyama ya pozole, kitoweo cha mahindi meupe ambacho watu wa Guerrero hukila kila Alhamisi. "Jioni redio ilisema dhoruba," alisema. "Dhoruba tumezizoea. Mwanangu wa kiume alikuwa zamu ya usiku hotelini, nami nikalala." Alizinduka bati la paa lilipong'oka. Alijifungia bafuni pamoja na mbwa wake, akashikilia kitasa cha mlango hadi alfajiri. Kulipokucha alitoka nje akadhani amehamishwa. Vilima vilikuwa havina jani hata moja. "Kama secas," alisema, "lakini ilikuwa Oktoba." Mwanawe alinusurika, ila hoteli haikunusurika, na kazi ikaenda nayo. Alihamia kaskazini kutafuta hoteli nyingine. Amemsihi mama yake mara nyingi auze nyumba amfuate.

Mama alikataa. Alitumia akiba yake yote kuondoa bati na kumimina zege. Mji ukaanza kuinuka. Septemba mwaka uliofuata, Kimbunga John kikaja. Hiki hakikuwa na upepo wa Otis, lakini kilizunguka pwani kwa siku kadhaa kikimwaga mvua ambayo ilipita nusu ya mvua ya mwaka mzima. Mitaa ya bondeni ikageuka mito. Wazee wakakumbuka Kimbunga Pauline cha Oktoba 1997, kilichoteremsha matope na mawe kutoka vilimani na kuua zaidi ya watu mia mbili katika majimbo ya Guerrero na Oaxaca. Kwa mji ambao tayari ulikuwa umeteswa kwa miaka mingi na magenge ya wahalifu hadi wageni wa kigeni wakauhepa, hili lilikuwa jeraha juu ya donda.

Niliporudi Juni 2025 sikuutambua mlima. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha kwa majuma machache tu, na vile vijiti vya kijivu vilikuwa vimevaa kijani kizito kisichopenyeza jua. Mchana jua liliwaka, ikifika magharibi mawingu yalijikusanya nyuma ya milima, usiku radi zikapiga na mvua ikashuka kama iliyomwagwa kwa ndoo, asubuhi anga ikatakata. Hewa ilinuka udongo. Wageni walikuwa wachache na bei za vyumba zilikuwa nusu ya zile za Aprili. Nilijiuliza ni kwa nini watu hulipa mara mbili ili waje kuuona mlima uliokauka.

Tarehe 18 Juni nilipata jibu. Kimbunga kilichoitwa Erick kilikuwa kikikaribia, nacho kilikuwa kikipata nguvu kwa haraka ile ile ya Otis. Safari hii utabiri uliliona hilo mapema. Shule zilifungwa, mashua zilivutwa nchi kavu, watu walipanga foleni kununua maji, mishumaa na tepu ya kubandika vioo. Mwenyeji wangu hakusema mengi. Alitia vyeti vya kuzaliwa, hati ya nyumba na picha ya marehemu mumewe katika mfuko wa plastiki, akaufunga mara tatu, akanipa. "Wewe una miguu ya kijana," aliniambia. "Ukisikia nakuita, usije kwangu. Panda ngazi na mfuko." Nilimjibu kwamba nitakwenda kwake kwanza. Akaniangalia kwa ukali wa mama. "Señora ndiye anayejua nyumba yake," alisema. "Wewe ni mgeni. Fanya unavyoambiwa."

Tuliketi sebuleni bila ya umeme, redio ndogo ya betri ikinong'ona. Kila saa walitaja umbali na upande. Mama alikuwa na ramani ya karatasi, na kila walipotaja alitia nukta kwa kalamu ya risasi. Nukta zilikuwa zikitujia. Ilipofika usiku wa manane zikaanza kupinda kuelekea mashariki. Hakushangilia. Alizifuata nukta zile kwa kidole, akasema polepole, "Kinakwenda kwa watu wa Costa Chica." Kimbunga kilitua alfajiri ya tarehe 19 katika jimbo la Oaxaca, kikiwa cha daraja la tatu, hakikuwahi kurekodiwa kimbunga kikubwa kilichotua Meksiko mapema kiasi hicho katika mwaka. Sisi tulipata mvua na upepo wa wastani. Kulipokucha mama alikwenda jikoni, akaanza kufungasha maharagwe na mchele wa kuwapelekea dada zake wa Cuajinicuilapa. Kuokoka kwetu kulikuwa msiba wa wengine, naye alilijua hilo kabla ya jua kuchomoza.

Asubuhi hiyo nilimuuliza kama sasa atauza nyumba. Alinijibu kwa swali. "Kwenu baharini, baba yako anapofukuzwa hotelini kila mwaka, mbona hahami?" Nilikosa neno. Nilimwambia tu kuwa baba husema bahari ni ile ile, hata milango ya hoteli ikifungwa. "Basi mwambie baba yako tumekubaliana," alisema, akaendelea kufungasha.

Msomaji wa pwani yetu huenda akashukuru kwamba sisi hatuna vimbunga. Ni kweli kwa kiasi kikubwa. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ili kipate kujipinda, na karibu na ikweta nguvu hiyo ya kupinda ni hafifu mno. Malindi na Mombasa ziko ndani ya nyuzi tano kutoka ikweta. Lakini kinga hiyo ina mpaka. Lindi, kusini mwa Tanzania, ilipigwa na kimbunga Aprili 1952, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika kisiwani Mafia. Bahari ya Hindi nayo inazidi kupata joto. Aidha, mafuriko ya masika ya 2024 yaliua karibu watu mia tatu nchini Kenya bila ya kimbunga chochote. Maji hayana haja ya jina ili yaue.

Nimerudi nyumbani na mambo mawili ambayo ningependa kuyaweka mbele ya wenzangu wa chama hiki. La kwanza ni kwamba msimu wa mbingu ni kazi ya Mungu na maumbile, bali msimu wa mkoba ni kazi ya watu. Mvua ya masika haikumwamuru mwajiri yeyote kumpeleka mfanyakazi nyumbani miezi miwili bila ya senti. Mvua ya Septemba haikumwamuru tajiri kumwacha baharia alale kwenye boti. Tumezoea kuyaunganisha mambo haya mawili kwa neno moja, na neno likatusaidia kusamehe kisichostahili kusamehewa. Atakayeandika tamthilia au riwaya ya pwani yetu ya leo na ayatenganishe.

La pili linatuhusu sisi wanafunzi wa lugha moja kwa moja. Mama yule alilala usiku wa Otis kwa sababu ya neno: alisikia dhoruba. Kati ya dhoruba na kimbunga kuna tofauti ya uhai na mauti, na aliyesikiliza aliibeba tofauti hiyo masikioni bila ya kujua uzito wake. Je, sisi tuna maneno mangapi yaliyo hai? Babu yangu alijua kusi, kaskazi, matlai na maleleji. Alijua bamvua na maji mafu. Alijua wingu la kutega nyavu na wingu la kurudi pwani. Vijana wanaoendesha boti za watalii Malindi leo husema "hali ya hewa mbaya", basi. Tahadhari ikitangazwa kwa Kiswahili ambacho msikilizaji hakihisi mwilini, haijatangazwa. Kazi ya kuwaendea wazee wa Lamu, Vanga, Kipini na Shimoni na kuyanakili maneno yao ya pepo na maji haihitaji fedha nyingi. Inahitaji daftari, nauli ya matatu na subira.

Babu alifariki kabla sijapata kuyaandika yake yote. Niliyo nayo ni arobaini na matatu. Nimeyaorodhesha pamoja na maelezo, na nimemkabidhi mhariri nakala. Aliye na la arobaini na nne na alilete.